Babu hana cheti cha kuzaliwa? Anzia kanisani

Ukitafuta kumbukumbu za wazee wa Ugogo, yaani eneo la Dodoma, usikimbilie kwanza RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Wengi wao walizaliwa kijijini bila kusajiliwa popote, ila walibatizwa. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, kwa hiyo vitabu vya ubatizo vya Waanglikana vinaweza kukufikisha mbali. Kwa Wakatoliki, omba kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa na usome pembeni mwa jina: ndoa huandikwa hapohapo, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Mstari mmoja, taarifa mbili!

Lakini kabla ya safari kaa na bibi. Muulize jina la ubatizo, maana lile la nyumbani huenda halimo kitabuni, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mwaka akiwa haujui, muulize kama babu alizaliwa kabla au baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920. Mrekodi kwa simu yako, tafadhali. Vitabu vinasubiri, bibi hasubiri.

Vifo na vizazi vya karibuni viko RITA na ofisi ya Mkuu wa Wilaya.