Mota ya gari dogo la rimoti: KV kubwa sio spidi kubwa kila mara

Wengi wakinunua mota wanakimbilia yenye KV kubwa wakidhani ndo gari litapaa, kumbe sio hivyo. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haina mzigo, kwa hiyo mota ya 3500 KV kwenye betri ya volti 7.4 inazunguka kama mara 25,900, ila ukishaifunga kwenye gari inashuka maana kuna uzito, gia na tairi za kuvuta. Mota mbili za saizi moja, ile ya KV ndogo ndo inasukuma kwa nguvu zaidi kwa kila ampea, so kwa gari zito mi nachukua hiyo.

Kabla hujabadili mota cheza na gia kwanza. Gia ndogo ya kwenye mota ikiwa na meno 20 na ile kubwa 80, mota inazunguka mara 4 ndo gia kubwa izunguke mara 1. Ukiweka ndogo ya meno 22 spidi ya juu inaongezeka, ila kuondoka kunakuwa kuzito na mota inachemka. Panda jino moja moja tu, kimbiza dakika 3 hivi, simamisha, gusa mota kwa kidole, ukishindwa kushikilia hata sekunde mbili rudi jino moja nyuma, usilazimishe kabisa, joto linaua sumaku. Na ukifunga gia mpya acha uwazi kidogo kati ya meno, kipande cha karatasi kipite, yakibanana yanalika haraka sana.