Pasaka na batoto nyuma ya motokari: kutoka Lubumbashi mpaka makorongo ya Mosi-oa-Tunya, hatua kwa hatua

Kila mwaka mwezi wa tatu ukianza kuisha, ba yaya na ba shemeji banaanza kuniuliza swali ileile, papa mulifikaka namna gani kule ku maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, Zambia, na batoto bane na kale kamotokari kenu? Nimeenda mara tatu, basi naandika byote hapa. Nasema mbele: kilometa 1,030 hivi ya kwenda inatisha kwa kusikia tu, lakini barabara ni lami kutoka mulango wa nyumba mpaka kule chini. Yenye inaharibu safari ni bintu mbili, Kasumbalesa (mupaka wa Kongo na Zambia) na kuendesha kushoto, zingine zote unaweza kurekebisha njiani.

Hatua ya 1: chagua kama unaenda kuona mayi ao kuona mawe

Huku bantu benyi banakosea. Mosi-oa-Tunya (bazungu baliita Victoria, kisha muzungu David Livingstone kupita pale mwaka 1855) ni mutoni Zambezi yote inaanguka mu mupasuko wa mawe, upana mita 1,708, urefu mita 108. Pasaka inaanguka mwezi wa tatu kuisha ao mwezi wa ine, njo wakati mayi inajaa kabisa, sasa moshi ya mayi inapanda na upande wa Zambia unaweza kusimama mbele ya maporomoko usione kitu, ni nyeupe tu na kelele. Kama unataka kuona mawe yenyewe, ukuta mweusi na korongo lote mpaka chini, enda mwisho wa mwezi wa nane mbele masomo haijaanza, mayi imeshuka.

Sisi tunaendaka Pasaka, na iko sababu yenye bantu habafikirie. Tarehe ya Pasaka inafuata mwezi ule wa yulu, ni siku ya Mungu (jumapili) yenye inafuata mwezi mukamilifu, kwa hiyo mu juma yenye inaishia Pasaka usiku ni mweupe na mayi imejaa, na bintu hivi viwili vikikutana, unaona upinde wa mvua USIKU. Parki inafunguaka usiku siku zile za mwezi mukamilifu. Mutoto wangu wa pili aliona ule upinde, hauna rangi sana, ni kama moshi iliyopindwa, akanyamaza dakika nzima, ule mutoto hanyamazake hata akilala.

Hatua ya 2: ma dokima, anza juma sita mbele

Paspori ya kila mutu, batoto pia. Viza, pitia konsila ya Zambia hapa mujini, usingoje majibu ya jirani. Acte de naissance ya kila mutoto, na kama mama ao baba habaendi pamoja, barua ya ruhusa yenye imewekwa sahihi na muhuri. Ya motokari: karte roze (karatasi ya kuonyesha mwenye motokari), permi ya kuendesha, na kama motokari si jina lako, prokirasio (barua ya mwenyewe ya kukuruhusu).

Sasa sikia ile ya karti ya manjano. Ziko MBILI. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, Zambia banaiomba kwa mutu anatoka Kongo. Ingine ni ya aswiransi (bima) ya motokari, ya COMESA, ule muungano wa biashara wa inchi zetu, nayo rangi yake na jina lake ni manjano. Mara ya kwanza, mutu mumoja mwenye alinisaidia kupanga safari akaniambia "karti ya manjano niko nayo mbili", nikafurahi, kumbe zote mbili zilikuwa za chanjo, yake na ya bibi yake. Tukanunua aswiransi pale mupakani, batoto mu jua, saa mbili nzima. Angalia kwa macho yako.

Ongeza triangulo mbili, na stika zenye zinang'aa, nyeupe mbele nyekundu nyuma, polisi ya Zambia inaangaliaka bile. Na mukanda kwa kila mutu, hata bale ba nyuma.

Hatua ya 3: Kasumbalesa

Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kilometa 90 hivi, kuna peaji (fasi ya kulipia barabara). Toka saa kumi na moja ya asubuhi, siyo saa mbili, siyo "tunakunywa chai kwanza". Ukifika utaona kamio (malori) za shaba zimepanga mustari hauna mwisho, usishituke na usipange nyuma yao, motokari ndogo inapita pembeni na njia yake. Kisha utaona bakomisioneri, bale benye banapitisha makaratasi ya bantu kwa pesa, banakimbilia dirisha, kila mumoja anasema lete paspori nikusaidie. Hapana. Paspori zote zinakaa kwa mutu mumoja mwenye hatoki mu motokari, kwetu ni bibi yangu, anaziweka mu kile kisakoshi cha shingo, na mimi njo naenda ku dirisha. DGM (imigrasio ya Kongo) kwanza, kisha duane (forodha) ya Kongo, kisha unavuka, upande wa Zambia ni paspori na karatasi ya kuingiza motokari kwa muda na zile pesa ndogondogo za motokari ya nje. Zambia banataka kwacha, kwa hiyo badilisha kidogo mbele. Kila karatasi yenye banakupa hata kama ni ka risiti kadogo, weka mu furushi moja, utaombwa tena wakati wa kurudi.

Saa ni ileile huku na huku, usibadilishe.

Hatua ya 4: kushoto

Mingi ya motokari zetu za Lubumbashi ziko na volani (usukani) ku mukono wa kuume, zilitoka Japani, na sisi tunaziendesha kuume vilevile, tumezoea. Ukivuka mupaka, ile volani inapata fasi yake ya kweli na kupita kamio inakuwa rahisi kuliko kwetu. Kama yako ni ya volani ya kushoto, mwenye anakaa pembeni yako njo jicho lako, achague neno mbili tu, "pita" na "bado", siyo "nazani unaweza".

Lakini hatari si pale mupakani. Pale kuna motokari zingine, unazifuata tu. Ma rompwe (mizunguko ya barabara) ya Kitwe na Ndola pia unakuwa macho. Hatari ni asubuhi, ukitoka mu stasioni ya esansi (petroli), barabara haina mutu. Mwaka wa kwanza nikatoka stasioni Mazabuka, nimelala muzuri, nimeshiba, redio inaimba, nikaingia kuume kama niko ku Kenya nyumbani (kwa benye habaishi Lubumbashi, Kenya ni komini yetu). Nikaenda kama mita mia tatu. Mbele yangu kamio ya miwa, inawasha taa, inawasha, na mimi nasema moyoni huyu shofere ni mulevi. Mutoto mukubwa njo alipiga kelele. Toka siku ile kuna karatasi imebandikwa kwa skoch ku dashibodi, mushale mukubwa mwekundu, na mutoto wa tatu ana kazi moja: kila tukitoka fasi yoyote yenye tulisimama, anapaza sauti "KUSHOTO!" Anaipenda ile kazi kupita kula.

Hatua ya 5: kata njia mu bipande bitatu

Siku ya 1, Lubumbashi, Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, ulale Ndola. Ni kidogo, najua, lakini Kasumbalesa inaweza kula siku nzima. Siku ya 2, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, ulale Mazabuka, kilometa 450 hivi. Bipande bya Ndola-Lusaka, unaweza kukuta banapanua barabara kuwa mbili na banakugeuza mu njia ya vumbi. Panga kupita Lusaka saa sita ya muchana, siyo jioni. Siku ya 3, Monze, Choma, Kalomo, Livingstone (muji wa karibu na maporomoko), kilometa 350, unafika bado jua iko.

Usiku usiendeshe. Ngombe, kamio haina taa, mutu na kinga (baiskeli) yake. Na radari za polisi ziko nyingi, fuata ile namba ya bango hata kama uko peke yako. Peaji za njiani weka kwacha karibu na mukono.

Esansi: kama motokari yako inakula litri 10 kwa kilometa 100, hesabu litri 210 kwenda na kurudi, ongeza 20 za kuzunguka.

Chakula, beba chikanda (ile ya mizizi ya pori na karanga), mukate, mayai ya kuchemsha. Bukari (ugali) utapata, kule banaita nshima, ni ileile. Na ukijua Bemba kidogo ya sokoni, Copperbelt yote (ile jimbo ya shaba ya Zambia) inakufungukia, "mulishani" (habari yenu) moja inaondoa nusu ya shida. Njiani mwezi wa ine bado banauza bowa (uyoga) pembeni ya barabara, nunua wakati wa kurudi, siyo wakati wa kwenda, nilishanusa motokari yenye bowa ya siku tatu.

Hatua ya 6: ukisha fika

Simu zote mu sashe mbili za plastiki, zifungwe. Ku mulango banakodisha makoti ya mvula, chukua, lakini ujue kale kadaraja ka miguu kanaitwa Knife Edge kanakulowesha hata mu koti, mayi inatoka chini kwenda yulu. Mama mumoja wa kwetu alivaa perike (nywele ya bandia) mupya, sisemi zaidi. Nyani banaiba chakula, na habaogopi mwanamuke wala mutoto, sakoshi ifungwe.

Kuona korongo lenyewe mwezi wa ine, nenda ku lile daraja la chuma la 1905. Liko mita 128 yulu ya mutoni na linafika Zimbabwe, unaomba ku imigrasio ya Zambia kakaratasi ka daraja, unatembea mpaka katikati bila kuingia Zimbabwe. Pale njo batoto banaelewa: mutoni unaenda huku, unapinda, unarudi, kama nyoka, na kila kipande cha korongo ni fasi yenye maporomoko yalikuwa zamani, mayi ilikuwa inakata mwamba na kurudi nyuma. Njia ya kushuka Boiling Pot (fasi mayi inazunguka na kutokota chini mu korongo), mayi ikijaa inaweza kufungwa, na hata ikiwa wazi mu mwezi wa ine inateleza, mutoto chini ya miaka kumi mi simushushe.

Siku moja iweke kwa nyama za pori mu parki ileile, kuna kifaru mweupe. Na jioni usizunguke kando ya Zambezi ukitafuta foto, tembo banavukaka pale.

Kurudia ni ileile kinyume, tu ile siku ya mwisho toka Ndola saa kumi na moja, ili Kasumbalesa muimalize mbele ya saa sita. Ukivuka, simama kwanza pembeni, toa ile karatasi ya mushale, na umwambie mutoto kazi yake imeisha, la sivyo atapaza "KUSHOTO" mpaka Lubumbashi.