Ulipata presha ya mimba? Ile kadi ya kliniki usitupe

Jamani mimi kadi yangu ya mimba ya pili niliitupa siku tunahama nyumba, nikajua mtoto kashazaliwa, presha imeshuka, ya nini tena. Miaka 6 baadae nimekaa mbele ya dokta na presha imerudi, ananiuliza ile ya mimba ilianza wiki ya ngapi, ilifika ngapi, mkojo ulikuwa na protini? Nikabaki "ilikuwa juu juu tu dokta".

Kitu ambacho sikuwahi kuambiwa ni kwamba aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile ikizidi inaleta kifafa cha mimba, hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele ni kama mara 2 ya mwenzie ambaye hakupata. Na kama ulijifungua kabla ya wiki 37 au ilikurudia mimba nyingine, inapanda zaidi. Sio kwamba lazima uugue, ila ushajua mishipa yako ikibebeshwa mzigo inasumbua.

Tuanze na zile siku za uzazi maana hapo ndo watu wanajisahau kabisa. Presha inaweza kupanda zaidi siku ya 3 mpaka ya 6 baada ya kujifungua, yaani ushatoka hospitali, unakunywa mtori, wageni wanaingia na kutoka, na kifafa cha mimba kinaweza kuja hata ukishazaa. Kwahiyo kichwa kikiuma hakisikii dawa, macho yanaona ukungu au nyota nyota, chembe inauma au chini ya mbavu upande wa kulia, unahema kwa shida, nenda hospitali usiku huohuo usisubiri kukuche. Mashine ikisoma namba ya juu 160 au zaidi, au ya chini 110 au zaidi, pia nenda hata kama unajisikia mzima. Na mama akianguka akaanza kutetemeka sio mapepo, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mkimbizeni, sindano ya magnesiamu ipo kwa kazi hiyo. Dawa za presha usiache mwenyewe kisa unanyonyesha, zipo nyingi zinazoruhusiwa, we mwambie tu dokta kwamba unanyonyesha.

Wiki ya 6 mtoto anapelekwa chanjo. Anapimwa uzito, anachomwa, mnarudi nyumbani, mama hajaguswa. Siku hiyo nyoosha mkono wako, sema nilikuwa na presha ya mimba naomba nipimwe. Ikifika wiki ya 12 bado iko 140/90 au zaidi basi hiyo sio ya mimba tena, ni presha yenyewe, anza kutibiwa. Ikiwa imeshuka, shukuru, halafu kila mwaka angalau mara moja pima presha, sukari, mafuta kwenye damu na mkojo kuangalia figo.

Ukipima nyumbani chukua mashine ya mkono wa juu, sio ya kifundo. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee (mimi nilikuwa napima huku nagombeza watoto afu nashangaa namba). Kama mkono wako ni mnene tafuta mkanda mkubwa, ule mdogo unasoma juu kuliko ukweli.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu ile ya kwenye mchuzi, kyubu za supu na chipsi za jioni. Tembea, nusu saa siku 5 za wiki inatosha, hata na mtoto mgongoni. Uzazi wa mpango nao, mwambie nesi kabla hajakupa vidonge maana vile vya homoni mbili vinaweza kupandisha presha, kitanzi au kijiti ni salama zaidi kwako.

Ukitaka mimba nyingine, onana na dokta kabla, maana dawa kama enalapril na losartan hazitakiwi kwenye mimba, utabadilishiwa. Na kliniki anza mapema, usisubiri tumbo lionekane, kuna aspirini ya dozi ndogo wanayokuanzishia kuanzia wiki ya 12 kuzuia isirudi, na inafaa zaidi ikianza kabla ya wiki 16.

Kadi ipige picha, jitumie mwenyewe. Kama ushaitupa kama mimi, rudi ulikojifungulia uombe faili, au kaa na waliokuuguza muandike mnachokumbuka: mwaka, wiki, presha, uzito wa mtoto, dawa. Mimi niliambulia namba moja tu, 170, aliikumbuka wifi yangu kwa sababu nesi alipoitaja yeye alitoka mbio kutafuta bajaji.