Namna ya Kuandaa Kikao cha Ujirani Mwema kati ya Wilaya Mbili za Mpakani

Mwezi Oktoba 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliokamatwa mkoani Kilimanjaro baada ya kuvuka kutoka Kenya kutafuta malisho, na suala la wafugaji likageuka kuwa suala la wizara za mambo ya nje. Si kila mgogoro wa mpakani unaweza kumalizwa na wilaya, lakini mingi huanzia mahali ambapo maofisa wa pande mbili hawana hata namba za simu za wenzao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote aliyepewa jukumu la kuandaa kikao cha ujirani mwema, na mfano nitakaoutumia zaidi ni mpaka wa Wilaya ya Longido, Tanzania, na Kaunti ya Kajiado, Kenya, ambako Wamaasai wa pande zote mbili wanachangia malisho, visima na wakwe.

Kabla ya kuandika barua yoyote, pima mamlaka yako. Wilaya haisaini mkataba na nchi nyingine. Mstari wa mpaka, uraia na viwango vya ushuru ni mambo ya taifa, na mwenyekiti akiyagusa kikaoni kama mwenye uamuzi, wenzake wa upande wa pili watalazimika kunyamaza. Kilicho ndani ya uwezo wenu ni ratiba za chanjo ya mifugo, kupeana taarifa za wizi, siku za minada, magonjwa ya mlipuko na matumizi ya malambo wakati wa kiangazi. Peleka ombi la kibali kupitia Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ukiomba Wizara ya Mambo ya Nje ipewe nakala, na ambatisha ajenda. Katika barua hiyo unaweza kutaja Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Ushirikiano wa Mipakani, uliopitishwa Malabo mwezi Juni 2014, ambao unatambua nafasi ya mamlaka za maeneo ya mpakani katika ushirikiano huu.

Hatua inayokosewa mara nyingi ni orodha ya waalikwa, kwa sababu vyeo vya nchi mbili havilingani hata pale majina yanapofanana. Mkuu wa Wilaya ya Longido ni mteule wa Rais na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, hivyo mwenzake wa Kenya kwa mambo ya usalama ni Naibu Kamishna wa Kaunti anayesimamia kaunti ndogo. Hata hivyo, chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, udhibiti wa magonjwa ya mifugo, afya ya jamii na masoko viko mikononi mwa serikali ya kaunti, ambayo inaongozwa na gavana aliyechaguliwa. Ukimwalika kamishna peke yake, mtajadili chanjo na mtu asiye na bajeti ya chanjo. Ukimwalika gavana peke yake, mtajadili polisi na mtu asiyewaamuru polisi. Alika ofisi zote mbili kwa barua tofauti. Upande wa Tanzania nako, Mkurugenzi wa Halmashauri asiachwe nje, maana wataalamu wa mifugo na masoko wako chini yake. Ngazi ya chini ina mtego wake pia: chifu wa Kenya ni mtumishi wa serikali, wakati Tanzania Bara, ikiitwa Tanganyika, ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, kwa hiyo anayekaa naye mezani ni Mtendaji wa Kata. Malaigwanani waalikwe kwa heshima yao wenyewe kama viongozi wa mila, na wapewe nafasi ya kusema mapema, kwa kuwa wao ndio watakaorudi vijijini na neno la kikao.

Ajenda iandaliwe na makatibu wa pande mbili wakiwa pamoja, angalau siku kumi kabla. Mambo matatu yanatosha. Andika tatizo lenyewe badala ya kichwa cha habari: "usalama wa mpaka" hakimsaidii mtu, lakini "ng'ombe walioibwa wanauzwa upande wa pili kabla taarifa haijafika kituo cha polisi" ni jambo linaloweza kujibiwa.

Likitokea suala la kitaifa, lijadilini kwa upande wa utekelezaji. Mfano mzuri ni mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, yakiwemo cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka wapi, na kipimo cha sumukuvu kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Kikao cha wilaya hakiwezi kubishana na uamuzi wa namna hiyo, lakini kinaweza kumweleza mfanyabiashara apime wapi, alipe kiasi gani na asubiri siku ngapi. Vilevile wakumbusheni wafanyabiashara wadogo kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani, ingawa cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea na mifugo.

Siku ya kikao, wajumbe wakae kwa sekta, daktari wa mifugo kando ya daktari wa mifugo, badala ya nchi kutazamana na nchi. Lugha iwe Kiswahili, pamoja na mkalimani wa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwa wazee wanaomhitaji.

Nitumie maneno zaidi kwenye maazimio, kwa sababu hapo ndipo vikao vingi hufia. Katika kikao kimoja nilichokuwa mwandishi, tuliandika kwamba mifugo iliyoibwa "itarejeshwa mara moja", na wote tukapiga makofi. Wiki chache baadaye ng'ombe saba walikamatwa, na ndipo tulipogundua kwamba upande mmoja ulielewa kurejesha ni kumkabidhi mwenye mali, na upande mwingine ulielewa ni kuwapeleka kituoni wawe vielelezo mpaka kesi iishe. Ng'ombe wawili walikufa wakisubiri tafsiri ya neno. Tangu siku hiyo siandiki azimio lisilo na cheo cha mtekelezaji, tarehe na hatua zenyewe: nani anatambua chapa, nani anapiga picha za ushahidi, nani anasaini makabidhiano. Muhtasari wa maazimio usomwe kwa sauti, urekebishwe papo hapo, na usainiwe na wenyeviti wote wawili kabla ya chakula, maana baada ya chakula magari huanza kuondoka. Masuala yaliyowazidi yaandikwe kwenye ukurasa wake, yakiwa na maelezo mafupi na pendekezo moja, ili wizara zikiyapeleka kwenye Tume ya Pamoja ya Kudumu ya Ushirikiano kati ya Kenya na Tanzania yasihitaji kuandikwa upya.

Orodha ya mawasiliano ihakikiwe kila robo mwaka. Maofisa huhamishwa, na wakati mwingine mfumo mzima hubadilika, kama Burundi ilivyopunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025, na wilaya za Kigoma zikalazimika kutafuta upya wa kuzungumza nao. Kwa wenyeji wa kikao, fuateni utaratibu wa Siku ya Mara, siku ya uhifadhi wa bonde la Mto Mara, inayoadhimishwa kila tarehe 15 Septemba tangu 2012, ambapo Kenya na Tanzania hupokezana uenyeji. Upande ulioalikwa leo utaje tarehe na mahali pa kikao kijacho kabla ya kufunga. Ajenda ya kwanza ya kikao hicho iwe jedwali la maazimio yaliyopita, lisomwe mstari kwa mstari, na kila mtekelezaji asimame aeleze alichokifanya.