Jinsi ya kuomba ridhaa ya kujenga juu ya bomba la majitaka Uingereza

Nyumba nyingi walizonunua Waswahili wenzetu huku Uingereza ni za safu: ukuta wa jirani kushoto, ukuta wa jirani kulia, na kipande cha bustani uani. Familia ikikua hakuna pa kupanuka ila nyuma, kusogeza jiko au kuongeza chumba cha bibi anayekuja kutoka Tanga. Na huko nyuma ndiko lilikolala bomba la majitaka. Nyumba za safu mara nyingi humwaga maji ya vyoo na majiko katika bomba moja linalokatiza ua wa kila mtu, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Bomba hilo si lako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2011, kwa England na Wales, mabomba yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja na yaliyokuwa tayari yameungwa kwenye mtandao wa umma yalihamia mikononi mwa kampuni ya majitaka ya eneo husika, hata yale yanayopita chini ya mboga zako. Ukitaka kujenga juu yake, au ndani ya mita 3 kutoka lilipo, unatakiwa kupata ridhaa ya kampuni hiyo. Kwenye tovuti zao utafute maneno "build over agreement". Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, sitazigusa hapa.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe mkanganyiko mmoja. Ruhusa ni tatu, na hakuna inayosimama mahali pa nyingine. Kuna kibali cha mipangomiji cha halmashauri, ambacho kwa chumba cha nyuma cha ghorofa moja kisichotokeza zaidi ya mita 3 nyuma ya nyumba (mita 4 kama nyumba imesimama peke yake) mara nyingi huna haja nacho, ukitimiza masharti mengine. Kuna idhini ya kanuni za ujenzi, ambayo karibu kila mara unaihitaji. Halafu ndiyo hii ya kampuni ya majitaka. Watu wakisikia "huhitaji kibali", wanashika sururu. Kibali kipi? Uliza tena.

Anza na chemba. Inua mfuniko uliopo uani, kisha mwombe jirani wa upande maji yanakotokea avute maji ya choo chake. Maji yakipita mbele ya macho yako, bomba ni la pamoja. Rangi ya chakula kidogo kwenye choo chake inaondoa ubishi. Nilipojenga mimi, fundi aliniapia kwamba bomba lile ni la zamani, halitumiki. Tulikuwa bado tumeinama pale mama wa nyumba ya pili alipomaliza kuoga. Fundi akakaa kimya hadi saa ya chai.

Nunua pia ramani ya mabomba kutoka kwa kampuni, lakini usiiamini kupita kiasi. Mengi ya mabomba yaliyohamishwa mwaka 2011 yalikuwa ya watu binafsi na hayakuwahi kuchorwa popote. Ramani kutoonyesha kitu chini ya bustani yako si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Kinachofuata ni kamera. Mlipe mtu wa mifereji apitishe kamera ndani ya bomba, na akupe video pamoja na ripoti yenye kipenyo, kina, mwelekeo wa maji na hali ya bomba. Nyumba kongwe huwa na mabomba ya udongo wa kuchoma, na mizizi ya miti inapenda maungio yake. Ukiona ufa, ijulishe kampuni sasa hivi, kabla hujachimba. Bomba ni lao na ufa ni wao. Ukishajenga, itakuwa kazi ngumu kuthibitisha kwamba haukuusababisha wewe.

Ukishajua bomba lilipo, mpe mchoraji vipimo hivyo ndipo achore. Wengi hufanya kinyume chake, mchoro kwanza na bomba baadaye, na hapo ndipo pesa zinapotelea. Jambo la kwanza ni kwamba chemba ya bomba la pamoja haitakiwi kubaki ndani ya jengo, hata ikiwa na mfuniko unaobana vizuri. Itabidi ihamishwe, na kuihamisha nako kunahitaji ridhaa. Bomba linalosukumwa kwa pampu halijengewi juu wala ndani ya mita 3. Ukikuta ni la namna hiyo, badilisha mpango. Msingi ushuke chini ya kiwango cha bomba ili uzito wa ukuta usilikalie. Pale bomba linapopenya ukuta, weka linta juu yake na uache nafasi ya milimita 50 kulizunguka pande zote, ili ukuta ukitulia usilivunje. Na urefu wa bomba utakaofunikwa na jengo usizidi mita 6, isipokuwa mwenye bomba akubali.

Maombi yenyewe ni mepesi ukiwa na hayo mkononi. Unajaza fomu mtandaoni wewe mwenyewe au mchoraji kwa niaba yako, unaambatisha ramani ya eneo yenye mipaka ya kiwanja, mchoro unaoonyesha bomba na chemba, mchoro wa mkato wa msingi na kina cha bomba, na ripoti ya kamera. Unalipa ada. Kwa mabomba madogo ya milimita 100 au 150, kampuni nyingi zina njia ya mkato yenye masharti yaliyokwisha kuandikwa. Bomba kubwa au la kina kirefu litapitiwa na mhandisi wao, na huenda ukaambiwa ulihamishe, chini ya kifungu cha 185 cha sheria ya maji ya mwaka 1991. Gharama za kuhamisha ni zako.

Wakati huohuo peleka michoro kamili kwa wakaguzi wa ujenzi. Ile njia ya haraka ya kutoa taarifa tu bila michoro hairuhusiwi ukiwa karibu na bomba la umma. Tena, ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani na kwenda chini zaidi ya msingi wake, sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla. Msingi unaoshuka chini ya bomba huangukia humo kirahisi.

Usichimbe hadi barua ya ridhaa iwe mkononi. Ukimaliza kujenga, pitisha kamera mara ya pili, kisha hifadhi video zote mbili na barua pamoja na hati ya nyumba. Wakili wa mnunuzi ataziulizia.

Na aliyekwisha kujenga bila ridhaa? Kampuni nyingi hupokea maombi ya baada ya ujenzi, kwa kamera na michoro ileile. Wanaouza nyumba mara nyingi hukata bima ya kufidia kasoro hiyo badala yake. Ila kuna mtego: bima hizo kwa kawaida hazitolewi ikiwa kampuni ya majitaka imeshaulizwa habari za jengo hilo. Basi kabla hujainua simu kuwapigia, mpigie wakili wako.