Bakuli hili kalitengeneza nani?

Usianze na muhuri wa kitakoni. Mtu akishausoma, chombo chenyewe hakitazami tena, na hapo ndipo anapokosea. Mabakuli mengi ya maua yaliyofika pwani yetu karne ya 19 si ya China, ni ya Maastricht, Uholanzi.

Lioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Jiki weka mbali: hupenya kwenye nyufa, na ikikauka hubandua ule ung'avu wa juu. Kisha mulika tochi kwa ndani. Kauri nyembamba (porseleni, kama ya China) hupitisha mwanga, udongo wa kawaida wa Ulaya haupitishi. Kama limemeguka, gusisha ulimi palipomeguka: udongo hunata, kauri hainati. Pindua. Duara la chini la kazi ya China kwa kawaida liko wazi bila ung'avu, pengine na chembe za mchanga; la Ulaya mara nyingi limefunikwa, na huwa na makovu matatu madogo ya vigingi vya tanuri.

Sasa maua. Chagua mawili yanayofanana, uyalinganishe kwa kioo cha kukuzia. Kasoro ileile ikijirudia, tuseme petali moja imekatika ncha, basi ni chapa ya sponji iliyochongwa umbo la ua, ikachovywa rangi na kugongwa. Fuata mstari wa maua hadi ulipoanzia: ua la mwisho mara nyingi limebanwa au limepanda juu ya la kwanza, maana mgongaji aliishiwa nafasi. Chapa ya karatasi, yaani mchoro uliohamishwa kutoka karatasini, huacha kiungo ambapo michoro haikutani. Ya brashi haina maua mawili yaliyo sawasawa.

Muhuri ndio sasa. Simba mwenye kichwa cha mtu ni wa Petrus Regout, mwenye kiwanda Maastricht; simba wa kawaida na maneno Société Céramique ni wa jirani yake, kiwanda cha 1863 hadi 1958. Neno England kwa kawaida ni la baada ya 1891, kwa sababu ya sheria ya forodha ya Marekani iliyotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Alama ya umbo la almasi (1842–1883) na Rd No, yaani namba ya usajili (tangu 1884), ni za Uingereza, na huonyesha mwaka mchoro uliposajiliwa. Chombo chenyewe huenda kilitengenezwa miaka mingi baadaye. Na hesabu herufi: Wedgewood, yenye e ya katikati, si Wedgwood, kile kiwanda maarufu cha Uingereza, ni William Smith wa Stockton.

Bila muhuri, andika “mtindo wa Maastricht” tu. Waskoti nao waligonga sponji.