Kula mimea pekee bila kutoboa mfuko

Ukiwa peke yako uliyeacha nyama, mayai na maziwa nyumbani, kitakachokuponza ni sufuria ya pili. Gesi inaisha upesi na mpishi ananuna. Kwa hiyo sufuria kuu iwe ya mimea, na anayetaka nyama akaange yake kando.

1. Nunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Ndengu, maharagwe, njahi (jamii ya maharagwe meusi) na mahindi ya githeri hupatikana masoko ya Nairobi kama Gikomba, Marikiti au Kangemi, na gorogoro moja ni kama kilo 2. Pakiti za supamaketi unalipia karatasi. Kabla ya kulipa tumbukiza mkono hadi chini ya gunia, maana zilizo safi hupangwa juu. Mkono ukitoka na vumbi la unga, wadudu wameshakula. Muage muuzaji.

2. Loweka usiku, mwaga maji hayo. Maharagwe yatokote kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto wa polepole. Magadi huyalainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, ndiyo maana kwangu hayaingii sufuriani. Huna muda? Pika ndengu.

3. Kaanga kwa subira. Hapa ndipo watu huharibu, kisha wanasema chakula cha mimea hakina ladha. Kitunguu kigeuke kahawia kwanza. Tia kitunguu saumu na tangawizi, halafu nyanya, uziache mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ndipo ndengu ziingie, na dhania mwishoni kabisa. Managu (mnavu), ambayo wengi hutilia maziwa kupunguza uchungu, tia karanga zilizosagwa zilizokorogwa kwa maji ya moto. Wageni huomba tena bila kuuliza maziwa yako wapi.

4. Asubuhi: uji wa wimbi, au nduma (magimbi) na ngwaci (viazi vitamu). Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya mlo, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Limau juu ya ndengu huyaongeza.

5. Vitamini B12 haimo kwenye sukuma wala maharagwe. Nunua vidonge duka la dawa. Hapa usibane matumizi.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, nimeloweka usiku kucha na maharagwe bado mawe!*
Pengine ni ya zamani, au umetia nyanya mapema. Ukali wa nyanya huchelewesha kuiva. Tia yakishalainika.

*Mzee wangu anasema bila nyama hajala.*
Usibishane naye, dada. Mpakulie njahi na chapati (za mafuta ya mboga, si samli), na kikaango chake kiwe karibu. Akitaka nyama ataikaanga, na mara nyingi uvivu utakusaidia.

*Watoto wangu wadogo nao waache maziwa?*
Sufuria ni moja, lakini usiwanyime maziwa na mayai ili kuokoa pesa tu. Ukitaka nao wale mimea pekee, zungumza kwanza na mtaalamu wa lishe kliniki.

*Na hewa tumboni? Nafanya kazi ofisi ya watu wengi.*
Pole! Anza na ndengu, sahani ndogo, uongeze taratibu. Na yale maji ya kulowekea, yamwage kweli.